Fundi na Tumbo la Gari

Kila chombo kimchukuacho mwanadamu kina nyuso mbili. Uso wa juu huonekana na kusifiwa. Uso wa chini hufichika na kusahauliwa. Mnunuzi wa gari hutazama rangi, vioo na viti, na ni wachache wapigao magoti kulitazama tumbo lake. Walakini uhai wa chombo, na uhai wa watu waliomo, aghalabu hukaa huko chini, mahali ambapo matope hugandama na maji hutuama. Insha hii yakusudia kukueleza, msomaji, jinsi mafundi wa nchi zetu walivyohangaika tangu zamani kulileta tumbo la chombo mbele ya macho yao, jinsi jambo hilo lilivyofika katika mji wa Eldoret, na kwa nini kijana wa shule hana haki ya kulidharau.

Tuanze pwani, kwa kuwa huko ndiko mafundi wetu walikofundishwa kwanza na maji. Jahazi likaalo baharini hushambuliwa chini kuliko juu. Wadudu wa baharini hutoboa mbao, magugu na makombe huganda, na pamba iliyosindikwa katika nafasi za mbao hulegea. Nahodha angeweza kushona tanga jipya kila mwaka na bado akazama kwa tundu moja asiloliona. Kwa hiyo watu wa Lamu, Mombasa, Unguja na bandari nyingine walikuwa na desturi ya kukipandisha chombo ufukoni wakati wa maji ya bamvua, na maji yakisha kupwa kikabaki mchangani, kimeegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kukizuia kisianguke. Upande mmoja ulipokwisha kusuguliwa, kutiwa kalafati na kupakwa deheni ya shahamu na chokaa, chombo kililazwa ubavu wa pili. Bahari yenyewe ndiyo iliyofanya kazi ya kukiinua na kukishusha. Fundi alichohitaji ni kujua saa ya maji na mahali pa kuweka magadi.

Litazame jambo hilo vizuri. Fundi wa jahazi hakujilaza chini ya chombo na kufanya kazi huku uchafu ukimwangukia machoni. Alikifanya chombo kimgeukie yeye. Wahenga walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo, na katika msemo huo mfupi mna elimu yote ya kushughulikia vitu vizito.

Sasa tupande bara hadi nyanda za Uasin Gishu, zilizo juu ya bahari kwa mita 2,000 na zaidi. Mwaka 1908 lilifika huko kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, familia 47, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walikuja kwa meli hadi Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru, na kutoka hapo wakasafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakikata misitu na kuvuka vinamasi. Nchi waliyoingia haikuwa nchi isiyo na wenyewe. Wamaasai wa Uasin Gishu waliishi humo kabla ya kuvunjwa na vita vya karne ya 19, na Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa miaka mingi mpaka kiongozi wao, Koitalel Samoei, alipouawa mwaka 1905. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyowagawia wageni mashamba. Jambo hilo lisifichwe na mwandishi yeyote wa historia ya mji huu.

Gari la maksai lilikuwa chombo chenye huruma kwa fundi. Mbao zake zilishikwa kwa pini na bolti, na watu wachache waliweza kulifungua vipande vipande, wakatengeneza kilichovunjika na kukirudisha. Mti wa gurudumu ulipokauka na pete yake ya chuma kulegea, mhunzi aliipunguza pete na kuitia motoni. Chuma kikatanuka, akaivika gurudumu, kisha akamwagia maji, chuma kikajikaza. Hapakuwa na sehemu ya gari hilo ambayo jicho la fundi halikuweza kuifikia.

Makazi yaliyochipuka katika Shamba Nambari 64 yalipewa jina la Eldoret mwaka 1912, na mwaka huohuo benki ya Standard ilifungua tawi lake hapo. Inasimuliwa kwamba sanduku la chuma la kuwekea fedha liliposhushwa kutoka katika gari la maksai lilianguka, na kwa uzito wake watu wakashindwa kulisogeza. Basi nyumba ya benki ikajengwa kulizunguka. Watu husimulia kisa hicho kwa kicheko, lakini chatufundisha jambo la maana. Kitu kizito kisichokuwa na nyenzo humtawala mtu. Humwamuru mahali pa kujenga, mahali pa kusimama na namna ya kuinama. Mwenye nyenzo ndiye anayekitawala.

Nyenzo na elimu ya chuma ziliingia kwa wingi pamoja na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 reli ilijengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa mikono ya Waafrika na ya wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Miongoni mwao na miongoni mwa waliowafuata walikuwamo maseremala na wahunzi, wengi wao Makalasinga, ambao baadaye walifungua karakana katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Reli ya kwenda Uganda ilifika Eldoret mwaka 1924. Kuanzia hapo vyuma, vipuri, magari na mafuta yalikuja kwa urahisi, na gari la maksai likaanza kuondoka barabarani.

Magari ya kwanza ya petroli hayakuwa mbali sana na gari la maksai kwa umbo. Chini palikuwa na chasisi, yaani fremu nzito ya chuma iliyobeba injini na magurudumu. Juu yake ilifungwa bodi kwa bolti. Bodi ikioza, chasisi yaendelea kubeba. Fundi aliweza kuifungua bodi, akaiinua kwa mnyororo na kulitengeneza kila fungu mbali. Malori yametengenezwa kwa namna hiyo hata leo, na vivyo hivyo Land Rover iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 na kupendwa sana mashambani, ambayo bodi yake ilikuwa ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma.

Lakini huko Ulaya wahandisi walikuwa wakiwaza njia nyingine. Mwaka 1922 kampuni ya Lancia ya Italia ilionyesha gari ambalo bodi yake yenyewe ilikuwa ndiyo fremu, na mwaka 1934 Citroën ya Ufaransa ikaanza kutengeneza magari ya namna hiyo kwa maelfu. Baada ya vita vya pili vya dunia karibu magari yote madogo yalifuata njia hiyo: Morris Minor ya mwaka 1948, Volkswagen nyingi za baadaye, na Peugeot 404 ya mwaka 1960 iliyojulikana sana katika barabara zetu.

Ili ulielewe badiliko hilo, chukua kasha la kiberiti. Likiwa zima, na sanduku lake likiwa ndani, ni gumu kulipinda. Litoe sanduku la ndani, na ganda linalobaki litapondeka kwa vidole viwili. Gari lisilo na chasisi hupata nguvu zake kwa njia hiyohiyo: sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa hushikana na kuwa kasha moja. Ni jepesi, na halitumii chuma kingi. Ila kila bati lililo chini limekuwa mfupa. Kutu ikila kizingiti cha mlango, imekula uti wa mgongo wa gari. Mlango utaanza kukataa kufunga, kisha sakafu italegea, na siku ya ajali kasha litajikunja juu ya abiria.

Na kutu haina mahali ipendapo kuliko tumboni. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na chumvi huiongeza kasi. Katika nyanda za Uasin Gishu mvua ni nyingi, na udongo wa barabara za mashamba ya mahindi na ngano hushikamana na sakafu ya gari, ukikaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kwisha. Gari lililochukua mbolea ya chumvichumvi katika magunia yaliyopasuka huliwa upesi zaidi. Mwenye gari huosha juu, akaona linang'aa, akalala usingizi.

Wenye viwanda waliitambua hatari hiyo mapema. Walijua kwamba rangi inyunyiziwayo kutoka juu haifiki katika mashimo na pembe za chini. Katika miaka ya 1950 viwanda vya Uingereza vilivyotengeneza magari ya Morris na Austin vilipata ufumbuzi wa ajabu. Bodi tupu ilipitishwa chuma kirefu kutoka mbele hadi nyuma, kama nyama katika kijiti cha mshikaki, kisha ikazungushwa polepole ndani ya hodhi za dawa na rangi ya kwanza, mpaka maji ya rangi yakaingia kila ufa. Hata leo kuna viwanda vizungushavyo bodi nzima ndani ya hodhi kwa sababu hiyohiyo. Waliokuwa na mitambo na fedha walirudi katika hekima ya fundi wa jahazi: usikifuate chombo chini, kigeuze.

Gari likisha kutoka kiwandani, msomaji, na kufika kwetu, na miaka ishirini ya matope ikipita, ni nani atakayeligeuza tena? Hapo ndipo historia ya fundi wa mtaani inapoanza.

Ustadi wa mafundi wetu haukuwa mdogo. Mbio za magari za Safari zilianzishwa mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zilizovunja magari ya kila taifa. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Waliliandaa gari hilo kuukuu wao wenyewe na kuyashinda magari mapya ya viwanda vikubwa. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Ushindi wa mwaka 1965 ulikuwa ushindi wa karakana kabla haujawa ushindi wa usukani.

Lakini fundi wa Kiafrika asiyekuwa na nyumba ya karakana alifanya kazi yake juani, na kutokana na jua hilo akapata jina la jua kali. Kwa muda mrefu alifukuzwa mijini kama mtu mchafuzi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa mashuhuri juu ya Kenya, likaeleza kwamba kazi hizo ndogo ndogo zilizodharauliwa zilikuwa nguzo ya uchumi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alizuru mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaagiza wajengewe vibanda, na mwaka 1992 serikali ikatoa andiko rasmi la sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Mwaka uleule wa 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, ukiwa na masomo ya kazi za mikono; na mwaka mmoja kabla yake Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimefunguliwa karibu na Eldoret, kikikusudiwa kutilia mkazo elimu ya ufundi na teknolojia. Hivyo Eldoret, uliotangazwa kuwa jiji mwaka 2024, una chuo kikuu na jua kali katika kaunti moja. Ni juu ya vijana kuamua kama viwili hivyo vitasalimiana.

Fundi wa bodi wa jua kali alikuwa na njia tatu za kulifikia tumbo la gari. Ya kwanza ni shimo, ambamo husimama na kufanya kazi juu ya kichwa chake, na cheche za kulehemu zikimwangukia shingoni. Ya pili ni kulala chali chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Na jeki zimeua mafundi wengi, kwa kuwa jeki ni chombo cha kuinulia tu, wala haikuumbwa kushikilia. Ya tatu ni kukusanya vijana kumi na kulipindua gari ubavu juu ya magurudumu makuukuu. Njia hiyo ni ndugu ya ile ya jahazi, isipokuwa hapana bahari ya kuinua. Mikono ikichoka kabla ya wakati, bodi hupondeka au mtu huumia.

Njia ya nne ni ile ya kiwanda cha mshikaki, ikifanywa kwa mikono na kwa chuma chakavu. Nitakueleza umbile lake, kwa maana ndani yake mna somo la fizikia ambalo vitabu hulieleza kwa maneno makavu.

Hutengenezwa viguzo viwili vya chuma cha pembe nne, kila kimoja na miguu iliyotanuka ili kisipinduke. Kimoja husimama mbele ya gari na kingine nyuma, na mti wa chuma huviunganisha chini kwa chini ili visiachane. Juu ya kila kiguzo hulehemiwa kipande cha bomba nene, na ndani yake huzunguka bomba la pili lililo jembamba kidogo. Bomba hilo la ndani hubeba mikono ya chuma ifungwayo kwa bolti katika bodi, mahali pale ambapo bampa ilifungwa, maana hapo chuma ni kinene. Bodi huvuliwa kwanza injini, magurudumu, vioo, betri na tangi la petroli. Tangi lisiachwe hata likiwa tupu, kwa sababu mvuke wake ukikutana na cheche hulipuka. Kilichobaki, hata katika gari dogo, ni kilo mia kadhaa.

Hapo fundi hukutana na swali lililo moyo wa kazi yote: mhimili wa kuzungukia uwekwe kimo gani? Kila kitu kina kitovu cha uzito. Mhimili ukiwa chini sana ya kitovu hicho, bodi itataka kupinduka yenyewe kwa ghafula na kumpiga aliye karibu. Ukiwa juu sana, bodi itarudi kila igeuzwapo, na itahitaji nguvu za watu wengi kuizuia. Ndiyo sababu mikono ile hutobolewa matundu mengi, ili bodi ipandishwe au kushushwa kidogo kidogo mpaka mhimili upite penye kitovu. Likipatikana tundu la haki, kijana mmoja huizungusha bodi kwa mkono mmoja, na hubaki pale alipoiacha. Hata hivyo fundi mwenye akili haamini ulinganifu peke yake. Hutia pini ya chuma inayopenya mabomba yote mawili, na hagusi kazi kabla pini haijaingia.

Liko na jambo la pili, ambalo wenye haraka huliruka. Kabla ya kukata bati lolote bovu, vyuma vya kukaza hulehemiwa katika nafasi za milango, na vipimo huchukuliwa kutoka pembe hadi pembe. Kumbuka kasha la kiberiti: anayekata kizingiti ametoa sanduku la ndani. Gari lililokatwa pasipo kukazwa hujikunja likiwa hewani, na fundi akisha kulehemu kizingiti kipya atakuwa ameuimarisha upotofu. Vipimo vya mwanzo na vya mwisho vikilingana, kazi ni halali.

Faida ya chombo hiki haiishii katika kuokoa mgongo wa fundi. Mtu anayelehemu akitazama chini huuona mshono wake. Chuma kilichoyeyuka hutulia mahali pake kwa uzito wake badala ya kudondoka. Kutu hukwanguliwa mpaka chuma cheupe, dawa hufika kila pembe, na mwenye gari aweza kuitwa aje kuitazama sakafu ikiwa imesimama wima kama ukuta mbele yake. Hapo hapana mahali pa kuficha kiraka cha udongo na rangi. Na huo, kwa maoni yangu, ndio ukubwa wa chombo hiki: humfanya fundi mwaminifu ajulikane kuwa mwaminifu.

Jambo hili lina uzito katika nchi yetu kuliko katika nchi tajiri. Tangu miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa, magari yaliyotumika ng'ambo yamekuwa mengi barabarani, na Kenya imeweka sheria ya kukataza kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Lakini gari likisha kuingia huishi miaka mingi, likiuzwa kutoka mkono hadi mkono, mpaka kuwa gari la kubeba abiria kijijini. Sheria haiwezi kuitazama sakafu ya kila gari. Watazamao ni mafundi. Fundi anapoufunika uoza kwa rangi ameuza uhai wa watu asiowajua. Anapougeuza mwili wa gari na kuutibu, amewalinda watu ambao hawatajua jina lake.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba ufa ulio chini hauzibwi na mtu asiyetaka kuutazama. Waliolaza majahazi ubavu katika mchanga wa Lamu walilijua hilo, na wanaolehemu vyuma chakavu Eldoret walijua pia. Wewe uliye shuleni una hesabu za kukitafuta kitovu cha uzito kabla ya kutoboa tundu moja. Fundi ana mikono ijuayo chuma kinapolia. Nenda kwake na kalamu yako, umsalimu kwa heshima, na umwombe akuonyeshe tumbo la gari.